Mwalimu Mabonga, Darasa Lako Bado Linakusikia

Mwaka umekatika sasa tangu ulipotutoka, Baba Nekoye, na nyumba yetu hapa Eldoret haijazoea kimya.

Ulikuwa mtu wa watu. Siku moja kwenye poshomili, tulikopeleka mahindi kusagwa, ulisimamisha foleni nzima kwa sababu mwenye mashine alikatiza hadithi yake katikati. "Hebu malizia kwanza," ulimwambia. Watu wakasonya, kisha nao wakasikiliza. Wanafunzi wako wa kidato cha tatu uliwafundisha hivyo hivyo. Mtoto akiona haya ulimwambia, "Ata kama utakosea, wewe sema. Mimi niko hapa."

Uliwarekodia mazoezi ya kuzungumza kwa simu, ukijifungia ndani ya stoo ya mahindi ili kelele za barabarani zisiingie. Uliuliza swali, ukanyamaza ili wajibu, kisha ukasema, "Vizuri sana, endelea." Katika zoezi moja mkeo anasikika akikuita, "Baba Nekoye, chai!" Hukuifuta sauti hiyo. Mwanao Marvin akiicheza rekodi hiyo nyumbani, mama yake hutoka nje.

Shuleni bado wanayatumia mazoezi hayo, wakiyacheza kwa spika. Binti yako Nekoye sasa yuko katika kidato hicho, na tangu tukuzike hakuwa amefungua kinywa. Hata nyumbani alijibu kwa kichwa tu. Tuliogopa kwamba umeondoka na sauti yake. Mwalimu Kimutai, aliyechukua nafasi yako, alimwambia, "Mamii, ukitaka nitazima." Alikataa. Kila uliponyamaza ili darasa lijibu, alihisi ni yeye unayemngoja.

Wiki jana walifikia zoezi la mwisho. Ukasema, "Leo nimechoka kuuliza. Niulizeni nyinyi." Ukanyamaza. Nekoye akasimama.

"Baba, utarudi saa ngapi?"

Spika ikakwaruza kidogo, kisha ukasema, "Swali zuri sana hilo. Nani atamjibu mwenzake?"

Mwalimu Kimutai aligeukia dirisha akapangusa macho.

Tangu siku hiyo Nekoye anazungumza, na tunamshukuru Mungu. Lakini swali lile amekuja nalo nyumbani. Anatuuliza tukiwa mezani, na sisi pia tunatazamana tu.

Unakumbukwa na mkeo Nakhumicha, wanao Nekoye na Marvin, dada yako Musimbi wa Moi's Bridge, na wanafunzi wako wote.

Hatutakusahau kamwe, Mwalimu.