Bibi Aaltje Dirishani

Jorinde, nimeumbuka! Nimeumbuka leo hadi natamani kuhama Groningen.

Si unamjua Bibi Aaltje, jirani wangu wa ng'ambo ya barabara? Kaja na mkongojo wake kunywa kahawa, eti kunipongeza mapafu yamepona. Na mimi nimeliacha daftari la michoro mezani. LILE daftari, shoga!

Kalifungua. Ukurasa wa kwanza yeye. Wa pili yeye. Miezi saba yote yeye tu, dirishani kwake, anamwagilia maua. Sasa ningemchora nani mwingine? Nimelazwa sebuleni, haruhusiwi mtu kuingia, na pazia hakuna, kwangu wala kwake.

Naomba radhi. Yeye anafunua tu.

"Hapa mwanzoni umenichora kama kabati."

Kama kabati, Jorinde! Mimi, miaka kumi na mitano nafundisha watu kuchora!

Akafika michoro ya Machi. "Hapa sasa ni mimi. Hapa umejifunza."

Kinachoniudhi ni kwamba kasema kweli. Sijawahi kuchora vile nikiwa mzima. Nikamwambia, basi nisamehe Bibi, nilikuwa nakuchora kwa kuiba.

Akanicheka! "Kuiba nini, mtoto wewe? Maua yangu ni ya plastiki. Nilikuwa nasimama pale mpaka uweke penseli chini."

Miezi saba, Jorinde. Na nyonga yake ile mbovu.