Bima ya Wagonjwa Watatu na Mzima Mmoja

Jumatatu, 7 Julai 1958

Leo nimechaguliwa mkuu wa msafara. Hakuna aliyegombea nami.

Tulikuwa kwa Bi Mabruka, shangazi wa mke wangu, katika chumba chake cha viungo nyuma ya Bazaar. Mdalasini wa mle ukikuingia puani unarudi nao mpaka nyumbani. Alikuwapo Tobias Oloo, mpishi wa Wazungu kule Spring Valley, mteja wa Bi Mabruka tangu kabla ya vita. Amerudia ahadi yake: mwisho wa mwezi anapata livu, siku zake za kupumzika, basi twende naye kwao Kisumu, tupande meli, tulizunguke ziwa, tufike mpaka Entebe. Mwalimu Shamsudin wa chuo cha Kurani akasema amesomesha watoto habari za safina miaka thelathini, na hajapata kuona maji matamu mapana kuliko beseni.

Wote tukacheka. Kisha Bi Mabruka akauliza: na mmoja akiangukia huko Uganda?

Yeye ana pumu. Mwalimu ana sukari, hupigwa sindano kila asubuhi — na mpigaji ni mimi, maana macho yake hayaoni tena alama za bomba la sindano. Tobias ana vidonda vya tumbo, hawezi kula pilipili anayowapikia wengine. Tena sote tunakumbuka yaliyompata Kivuva seremala mwaka jana: aliugua Jinja, akalala hospitali ya watu wasiomjua, ndugu zake wakauza ng'ombe ili wakamlete.

Hapo nikafungua mdomo. "Hiyo ndiyo kazi ya bima."

Wakanigeukia kama mtu aliyetaja dawa. Kweli nafanya kazi ofisi ya bima. Bima ya magari na ya moto. Kazi yangu hasa ni kutia barua katika majalada na kuhakikisha paka haingii. Lakini nilikohoa kama meneja, nikasema niachieni mimi.

Salme, mke wangu, haendi. Anamngojea binti yetu Zuena ajifungue. Amesema angalau mimi mzima nitawatazama wagonjwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimeanza na ile kampuni ya Delamere Avenue yenye kitasa cha shaba. Nilivaa tai. Kijana wa kaunta alinisomea masharti polepole, kama anamsomea mtoto: wanalipia matibabu yote ya safarini, isipokuwa ugonjwa wowote ambao mtu alikuwa nao kabla ya kuondoka.

Nikauliza, sukari ya Mwalimu? Hapana. Pumu? Hapana. Tumbo la Tobias? Hapana.

"Mnalipia nini basi?"

Mguu ukivunjika, akasema. Au mkono.

Nimewapelekea habari jioni. Mwalimu akafikiri, akasema: "Basi tumwombe Mungu atuvunje miguu."

Ijumaa, 11 Julai

Bi Mabruka ana shauri. Tusiseme. "Pumu yangu nitaiambia ikae kimya, mwanangu. Nani ataijua?"

Niliwatolea hotuba. Nikasema anayeficha ugonjwa amejinunulia karatasi tu. Siku ya siku kampuni itachimba, itaona, itamwacha kitandani alivyo. Nikasema ukweli hauna aibu, mwili ni amana. Sijui niliyatoa wapi yote. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, nami nikajisikia kama nimepewa cheti. Nikarudia kipande kile cha amana.

Bi Mabruka amekubali. Amesema ameshinda mabarobaro wengi kwa ukaidi, lakini hawezi kushindana na mtu anayejisikiliza vile.

Jumatatu, 14 Julai

Tobias ametupatia mlango. Bwana wake ni meneja wa kampuni nyingine ya bima. Tobias amemwambia memsahib, memsahib amemwambia bwana wakinywa chai. Bwana amesema watu wa namna yetu hajapata kuwaandikia bima ya safari, lakini haoni sababu ya kukataa. Atawachukua hata wagonjwa, kwa malipo ya kuzidi kidogo, ila daktari wake wa Hurlingham awaone kwanza. Kila mtu. Hata mkuu wa msafara.

Nimesema kwangu ni desturi tu, lakini nitakuwa mfano.

Alhamisi, 17 Julai

Hurlingham. Baridi ya kukata masikio, na mbwa wa daktari amelala mlangoni kama askari. Bi Mabruka alikataa kupita mpaka mbwa apelekwe nyuma. Mwanzo mzuri.

Aliingia yeye, akatoka amefurahi. Ameambiwa pumu yake ni ya kuchungwa, si ya kuogopwa, na viungo avikoroge nje penye upepo. Mwalimu akaingia. Daktari amemsifu, kasema anayempiga sindano anaijua kazi. Nilikuwa nasikia mlangoni, nikanyoosha kola. Tobias ameambiwa anywe maziwa na aache kuonja mchuzi. Amesema mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho, lakini atajaribu.

Mimi wa mwisho. Niliingia na mzaha — nikamwambia daktari asipoteze muda na mimi, ameshafika mwisho wa wagonjwa. Akacheka. Akanifunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo. Akafungua. Akafunga tena. Akahamia mkono wa pili. Hapo alikuwa ameacha kucheka, na mimi nilikuwa bado nacheka peke yangu.

Akasema nilale. Akasikiliza kifua muda mrefu. Akauliza ninalala na mito mingapi. Mitatu, nikasema, tangu mwaka jana, napenda raha. Akauliza kama miguu huvimba jioni. Nikasema viatu vya siku hizi vinashonwa vibaya.

Akaniandikia vidonge. Akasema tena, kwa Kiswahili chake cha shamba: "Hii si mchezo, karani."

Nje nimewaambia amenisifu meno.

Jumatatu, 21 Julai

Jibu limekuja ofisini. Watatu wamekubaliwa. Wa nne, kampuni inasikitika.

Wagonjwa wote wamepita. Mzima amekataliwa.

Bwana Pinto, mkubwa wangu, amenipa livu leo hii hii bila kuulizwa mara ya pili. Hata alinitakia meli isiyoyumba. Na jioni mimi nimewaambia wenzangu kwamba Pinto amekataa katakata, hawezi kuniachia wakati huu wa kazi nyingi. Mwalimu aliinua mikono akaomba Mungu ailainishe roho ya Pinto. Bi Mabruka alimwombea Pinto kitu kingine.

Maskini Pinto.

Nilitaka kusema. Lakini mimi ndiye ninayeshika sindano. Mimi ndiye nimeambiwa niwatazame. Mwenye kutazama wagonjwa akiingia katika orodha yao, nani atamtuma tena dukani asimwambie pole? Na Salme — najua ataanza kunipimia chumvi, na usiku atakuwa anasikiliza nikipumua. Naogopa lile sikio lake kuliko neno la daktari.

Jumatano, 23 Julai

Mambo yamekwama. Mwalimu amesema kama mimi Hemed siendi, yeye pia haendi. Nani atampiga sindano? Amesema kwa upole, akafunga begi lake dogo ambalo lilikuwa limekwisha jaa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nimekwenda kwa Bi Mabruka na bomba, sindano na machungwa. Nimemfundisha kuchemsha, kuvuta dawa, kutoa hewa, kuchoma. Machungwa yalipata taabu. La tano lilichomwa vizuri mpaka nikalionea wivu.

Baadaye amempiga sindano Mwalimu mwenyewe, nami nimesimama kama mkaguzi. Mwalimu alikuwa amegeuza uso ukutani. Akauliza, "Mtaanza lini?"

"Imekwisha, Mwalimu."

Miaka mitatu namchoma mimi, na kila asubuhi hukunja uso kama aliyeng'atwa na siafu. Nimecheka pamoja nao. Nimerudi nyumbani na machungwa manne yaliyotiwa maji kwa sindano, na moyo mzito — hilo neno moyo ningeliacha, lakini limeshaandikwa.

Jumamosi, 26 Julai

Tobias amekuja baada ya kupika chakula cha mchana. Ametoka Spring Valley mpaka hapa River Road, na hakuleta kikapu cha viungo. Salme alikuwa kwa Zuena. Nikampa maziwa. Hakuyagusa.

Akasema, "Bwana Hemed, mimi nilikuwa napeleka supu mezani. Bwana yangu anaambia memsahib, hawa wagonjwa wa Tobias wako sawa. Lakini ile karani, moyo yake imechoka sana."

Nikatazama maziwa yake.

"Lini hiyo?"

"Jumamosi ile ingine."

"Kabla ya jibu kuja? Na Jumatatu ulikuwapo tukimwombea Pinto roho ilainike."

"Nilikuwapo. Mimi pia niliomba. Lakini mimi niliombea moyo yako."

Sikupata mzaha. Nimetafuta, haukupatikana hata mmoja.

Akauliza kama Mama Zuena anajua. Nikasema mvua ya Kisumu huanza mapema siku hizi. Akangoja nimalize habari ya mvua.

"Mimi siwezi kuonyesha watu ziwa na nimebeba hii kitu ndani yangu," akasema. "Mwambie yeye. Ukimwambia, tutaketi sisi wote tuone kama ni kwenda ama ni kukaa. Usipomwambia, mimi nabaki, na bila mimi hawana mwenyeji."

Hakupandisha sauti. Amenishika bega, akaenda. Gari la moshi ni Alhamisi.

Jumapili, 27 Julai

Salme amerudi kwa Zuena na furaha. Mtoto bado, lakini amekaa vizuri. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua mdomo, yeye akatangulia.

"Kesho nakwenda kwa huyo Pinto wako."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba. Mtu amemfanyia kazi miaka yote hii, siku tano za ziwa anamnyima? Ataniambia mimi usoni."

Nimemwambia Pinto ni mkali. Amesema yeye pia. Nimemwambia Jumatatu kuna watu wengi. Amesema atangoja.

Ametoa buibui jipya, analipiga pasi. Mimi niko hapa mezani naandika. Anadhani ni kazi ya ofisini. Anaongea na mimi huku pasi inakwenda. Nimwite Bwana Pinto au Mista Pinto? Mista, nimesema. Anapenda kusalimiwa kwa Kiingereza? Nimesema si lazima. Yaani namfundisha.

Sasa anapangusa viatu. Ofisi iko ghorofa ya ngapi?

Ya tatu, nimesema.

Ngazi nyingi?

Si nyingi sana, nimesema, mtu akipumzika mara mbili tatu anafika.

Kitambaa kimesimama juu ya kiatu.

"Wewe hupumzika mara mbili tatu?"

Ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, ananitazama mgongo. Anangoja, na mimi naandika haraka haraka kama mtu mwenye kazi ya —