Blauzi ya Lidia Uliyoifua

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Majimoto, na kwamba mguu wako umepunguza kukusumbua tangu baridi iishe. Sisi huku ni wazima. Somo yako Pudensiana ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mchele uliompa Mjomba Gaudensi atuletee umefika, na ni mtamu kuliko wowote wa sokoni hapa. Ahsante sana, mama. Maneno uliyomtuma pamoja na mchele ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ni ya kijiji kizima. Nikipiga unaweka sauti ya nje, na kabla sijamaliza salamu Mjomba ameshajibu. Tafadhali soma mwenyewe. Kama miwani imepotea tena, mpe Matilda wa jirani akusomee, siyo Mjomba, maana yeye atasoma anayoyapenda na kuyaruka mengine.

Mjomba hakuja hata nyumbani. Alikuja moja kwa moja kazini kwangu, kwenye kituo chetu cha mkono kwa mkono, ambapo nesi, askari na mtu wa ustawi wa jamii hukaa mahali pamoja, ili mtu aliyepigwa au aliyeingiliwa kwa nguvu asizungushwe mji mzima akisimulia upya kwenye kila mlango. Aliutua mchele katikati ya benchi, pembeni ya mwanamke wa Sitalike aliyevunjwa mkono, akaanza kunisemesha kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Alisema umemtuma aniambie nimrudishe Lidia kwa mumewe, mdogo wangu Method. Alisema wazee wameshamtoza Method mbuzi na kreti ya bia, kwa hiyo jambo limekwisha. Nilimuuliza huyo mbuzi aliliwa na nani. Akajibu bila kupepesa macho kwamba waliokaa kikao ndio waliomla. Yaani Lidia kapigwa, wazee wameshiba, na mimi ndiye ninayeambiwa naharibu undugu.

Hakuishia hapo. Alisema kwa kuwa mimi ni nesi, nizungumze na daktari aandike kwamba mke wa Method alianguka na pikipiki. Mama, nilitamani nimtoe nje yeye na mchele wake. Kwa jinsi ninavyowapokea watu hapa, pikipiki za mkoa huu huangusha wanawake tu, tena huwaumiza macho na shingo, na dereva hachubuki hata goti. Nilipomwambia hivyo alikasirika. Akasema siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi niliyeolewa mjini si kata tena. Yule mwanamke wa Sitalike aliinamisha kichwa. Nadhani naye alikuwa amejiandaa kusema pikipiki.

Sasa nije kwako, maana Mjomba simwezi.

Lidia aliposhuka kwenye basi na kufika mlangoni kwangu alikuwa amejifunga kitenge shingoni kwenye jua lile la Mpanda. Hatua zake nilizijua, lakini sauti yake sikuijua. Ilikuwa inakwaruza kabisa. Alinieleza kwamba Method alitaka kuuza mpunga wa mbegu alioutunza yeye, na alipokataa alichapwa mgongoni kwa fimbo ya ng'ombe, kisha akakabwa shingo mpaka akaona giza. Alinieleza pia jinsi ulivyomtunza.

Mimi ni wifi yake, kwa hiyo siruhusiwi kumpima wala kuchukua ushahidi mwilini mwake. Nilimkabidhi kwa mwenzangu Ernestine, nami nikabaki kumshika mkono tu. Ernestine alimuuliza kama nguo alizovaa siku ile zipo. Lidia alifurahi, akasema zipo, akafungua mfuko na kutoa ile blauzi yake ya kijani. Mama, ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri, inanukia sabuni ya mche. Hakukuwa na tone la damu. Tena kola iliyochanwa ulikuwa umeishona kwa ule mshono wako usioonekana. Askari wa dawati la jinsia aliigeuzageuza akitafuta palipochanika asipaone. Ikabidi mimi, ninayeujua mkono wako, nimwonyeshe kwa kidole.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Wewe mwenyewe ulikuwepo siku nilipokuja na wenzangu kusema na watu kwenye mnada wa Majimoto. Ulikaa mbele kabisa, na kitenge kipya. Nilisimama pale nikasema mpaka nikakauka koo: aliyeumizwa asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi na siyo mfuko wa nailoni, na aletwe haraka. Ukanipigia vigelegele. Ulimshangilia binti yako, mama, lakini hukusikia neno hata moja alilosema. Wenzangu wananitania kwamba kinyozi hajinyoi.

Najua kwa nini ulifanya hivyo, wala usidhani sijui. Kwetu mgonjwa hapelekwi kwa daktari akiwa mchafu, watu wakaona hana mtu wa kumjali. Ulichemsha maji, ukatia chumvi, ukamkanda mgongo na shingo asubuhi na jioni, ukampa uji, ukamlaza kitandani kwako na wewe ukalala chini na mguu wako huo mbovu. Ulimfanyia yote ambayo mama mzazi angemfanyia. Mama yake mzazi alishafariki, amezikwa Katumba, na baba yake hakuambiwa kitu kwa sababu wazee walisema watu wenye asili ya Burundi kama yeye wakiitwa wataleta maneno. Ulimpenda. Ila kwa kumpenda huko ulimkalisha ndani mpaka uvimbe ukashuka na alama za vidole shingoni zikageuka rangi ya njano. Ernestine alipiga picha za kilichobaki, na aliyoandika ndiyo aliyoyaona. Hakuweza kuandika asichokiona.

Kwa hiyo Method amewaambia polisi kwamba mkewe aliumia kwa kubeba kuni. Mjomba anasema pikipiki. Hata uongo wenyewe hawajakubaliana, na bado mpelelezi anatuambia kesi inaweza kuanguka. Ikianguka, Mjomba atakuja na wazee wake kumchukua Lidia, na Lidia mwenyewe ameshaanza kusema labda arudi tu, kwa kuwa hana shamba lingine. Mama, mwanamke aliyekabwa shingo mara moja, mara ya pili mkono unaweza usimwachie. Siyo maneno ya vitabuni hayo. Wapo ambao sikuwahi kuwapokea kwenye benchi letu, walipitishwa moja kwa moja kwenda chumba cha maiti, na nilipouliza niliambiwa hiyo haikuwa mara ya kwanza kukabwa.

Usidhani Method nimemchukia. Nimembeba mgongoni ukiwa shambani, na mpaka leo nikimwona kwa mbali moyo unachangamka kabla akili haijakumbuka. Nimemlilia kuliko nilivyomlilia baba. Lakini sitamsaidia kumuua mkewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo nimelizungukia tangu mwanzo wa barua hii, kwa sababu naogopa. Mpelelezi alipouliza kama kuna mtu yeyote aliyemwona Lidia siku ile ile, kabla damu haijakauka, Lidia aliinama akaanza kukaza kitenge chake shingoni. Hakutaka kukutaja. Aliyekutaja ni mimi. Nilimpa jina lako kamili na nikamwelekeza nyumba. Watakuja wiki hii au ijayo na wito wa kukutaka uje Mpanda kutoa ushahidi, na nimeona ni bora uyasikie kwangu kuliko kumwona askari uani ukadhani kuna msiba.

Hakuna nesi wala daktari aliyeuona mwili wa Lidia kabla yako. Wewe ndiye uliyeivua ile blauzi. Damu uliisugua kwa mikono yako, kola uliishika imechanika, na kwenye shingo yake uliona vidole, na unajua ni vya nani. Yote yaliyopotea kwenye karai lako la kufulia yamebaki kichwani mwako tu. Ukisema ni kuni, au ukisema ni pikipiki, watakuamini, maana neno la mama halipingwi, na mimi sitakuwa na uwezo wa kukuzuia. Ukisema ulichokiona, mwanao wa kiume, wa pekee, huenda akafungwa. Sikufichi hilo.

Nilimwambia Lidia kwamba nakuandikia. Amesema nikuambie hana kinyongo kuhusu blauzi. Amesema ulipokuwa unamkanda ulikuwa unalia, ukamwomba alisamehe tumbo lako lililomzaa Method. Mimi hukuniambia hayo, na Mjomba hakutumwa nayo. Mama, maneno hayo ndiyo ninayokuomba ukayaseme tena, mbele ya hakimu, kwa sauti ya kusikika.

Msalimie Matilda na wanawe, na wote wanaoniulizia. Watoto wanakuamkia. Lidia naye anakuamkia. Ndiye atakayekuja kukupokea stendi, na ameniomba nikae nyumbani siku hiyo ili awe peke yake na wewe kwanza. Najua utakuja na hasira juu yangu. Njoo nayo hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao,
Theopista