Nesi Aliyeandika Kwamba Hofu Ni Ugonjwa

Mama Daniel,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo ulijua maneno yake mawili tu, "pole" na "chai", na yote mawili uliyatumia vizuri. Nikiwa na hasira Kiingereza hunikatikia, na leo nina hasira. Na wewe pia nimekukasirikia. Umekufa wiki tatu kabla ya mafunzo yako, ukaniachia karatasi zake za kufundishia.

Kwenye msiba wako niliharibu mambo. Nilikuja na chupa ya chai, nikafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti kama tunavyofanya kwetu kwenye matanga. Nilipofumbua, nyumba nzima ilikuwa inanitazama. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenu Wayahudi mgeni hukaa kimya mpaka mfiwa aanze kuzungumza. Mwanao Daniel, pale kwenye kiti kifupi mnachokalia mkifiwa, akacheka, kisha akalia. Ungekuwepo ungenicheka wiki nzima.

Sasa nikuambie ya kazini. Meneja mpya alitaka kuyafuta mafunzo yako. Alisema mada ya chuki dhidi ya Wayahudi inachemsha watu siku hizi, afadhali iingizwe kwenye somo la jumla la ubaguzi, nusu saa, jioni watu wakiwa wamechoka. Wewe uliyepigania saa tatu nzima kila mwaka, ukitufundisha sisi manesi na madaktari wa akili jinsi mtu anavyobeba hofu ya babu zake pamoja na ya jana, na jinsi sisi tunavyoweza kumwongezea mzigo! Nikasema nitayaongoza mimi. Mdomo uliitangulia akili. Achieng, ninayefanya naye zamu, alinishika mkono kwenye kituo cha treni pale Perry Barr, tukitoka kazini: "Nafula, wewe ni Mkenya, hiyo story si yako. Na visa yako je? Please, wachana na hiyo kitu."

Hakujua ni yangu kiasi gani.

Kila mwaka uliwasimulia wenzangu habari ya nesi aliyemtembelea bibi mmoja Myahudi anayeishi peke yake. Bibi alikuwa amekiondoa mlangoni kile kisanduku chembamba cha maandiko ambacho Wayahudi hukibandika kwenye mwimo. Alikuwa akilala kwenye kiti, uso umeelekea mlango, begi la nguo likiwa tayari miguuni. Nesi akaandika kwenye faili: "Anaamini anawindwa kwa sababu ya dini yake. Ugonjwa umezidi." Daktari akaongeza dawa. Ndipo faili ikakufikia wewe, mwanasaikolojia wetu, na swali lako likawa moja: "Ulimuuliza kwa nini anaamini hivyo?"

Sikuwa nimemuuliza. Ulikwenda wewe, akakufungulia kopo la biskuti lililojaa barua alizokuwa akisukumiwa mlangoni. Yaliyoandikwa humo siyarudii.

Kwa miezi miwili alimeza dawa ili asiogope kitu ambacho kweli kilikuwepo. Mkono ulioandika ni huu huu.

Hukuwahi kunitaja. Ukifika hapo ulitazama ukuta wa nyuma, ili macho yako yasiniangukie. Mara moja tu, tukiosha vikombe, uliniambia, "Siku moja utakwenda kumwambia mwenyewe." Nikasema ndiyo. Sikwenda. Niliogopa, Mama Daniel. Faili ilirekebishwa, dawa ikapunguzwa, nikajidanganya kwamba yameisha.

Lakini ruhusa ya kusimulia kisa hicho bibi alikupa wewe, si mimi. Kwa hiyo Jumanne nilipanda basi nikaenda, nimevaa koti la nyumbani, bila kitambulisho cha kazi. Nilimwambia pale pale mlangoni kwamba maneno yale niliyaandika mimi, na kwamba sikumuuliza, nikamwomba ruhusa ya kuwasimulia wenzangu. Hakunikaribisha ndani. Mkono kwenye kitasa, akasema, "Waambie. Lakini safari hii taja jina la nesi." Akafunga. Nikasikia kufuli mbili, halafu mnyororo.

Hakusema amenisamehe. Sitakudanganya kwamba alisema.

Jana nilisimama mbele yao. Meneja alikaa karibu na mlango, mikono kifuani. Nilifika kwenye ukurasa wa yule bibi. Nikanywa maji, nikasema nesi huyo ni mimi, Nafula. Achieng akainamia viatu vyake. Daktari aliyeongeza dawa akasimama, akatoka. Mimi nikang'ang'ania meza nisije nikamfuata. Nikaendelea kusoma karatasi zako mpaka saa tatu zikaisha. Hata dakika sikukata.

Asubuhi hii nimepata barua. Kesho saa nne niende ofisini, na nikitaka nije na mtu wa chama cha wafanyakazi. Haisemi kosa langu ni lipi, lile la kuandika au hili la kusema. Nimeshapiga pasi blauzi. Nimefikiria sana jinsi ulivyosimama mbele yangu ukinikinga miaka yote ile, na jinsi nilivyokuacha usimame.

Inatosha, Mama Daniel. Kaa sasa, upumzike. Kesho wataniuliza kama nilifuata maagizo yako, na njia rahisi ni kusema ndiyo, nikusukumie lawama wewe, maana huwezi kubisha. Nakuahidi jina lako sitalitaja. Nitajibu kwa langu.

Nafula