Keki Iliyomeza Mwanga

Daiva nimeumbuka! Mbele ya wageni, yaani nimeumbuka!

Unaukumbuka ule utando wangu mwembamba, tabaka kumi na moja juu ya kioo, wa kumeza mwanga wa infraredi? Jana mashine ikasema umemeza asilimia 99, mawimbi mafupi hadi marefu. Tisini na tisa! Leo nikabeba keki ya šakotis kubwa kuliko kichwa changu, si unajua hapa maabara ukifaulu keki unaleta mwenyewe.

Wageni waliokuja kuagiza utando wanapiga picha. Profesa Vaidotas ananiambia, "Binti, hebu lete kioo chako cha kujipodolea."

Akakiweka kwenye mashine. Kioo, Daiva! Kitu cha kurudisha mwanga! Asilimia 99, eti kimemeza wote.

"Kipokea mwanga cha mashine ulikiwasha?" akaniuliza.

Sikukiwasha. Tangu jana sikukiwasha! Kimezimwa, hakioni mwanga wowote ukirudi, basi mashine inadhani kila kitu kimemeza.

Unadhani mzee aliniachia hapo? Akakata kipande cha keki, akakiweka palepale. Asilimia 99.

Akawageukia wageni: "Utando bado. Ila keki iko tayari, mnaagiza ngapi?"