Ugali wa Sengu

Kaka Osmund,

Sijui huko uliko salamu zinafikaje, lakini shikamoo. Ulikuwa unanicheka kwa kuanza kulalamika kwenye simu kabla hujamaliza kuitikia marahaba. Leo nalalamika tena, na safari hii huwezi kuniambia nipunguze sauti.

Bado niko Mbinga kwa mama. Maharage tuliyapanda kwenye ngoro zako, yale mashimo ya kule mteremkoni, yamekubali, ingawa mdogo wetu Ditram anachimba mashimo mabovu na mama anamwambia hivyo kila siku. Pikipiki yako anaendesha yeye sasa. Anashuka ziwani kuchukua dagaa wa usipa kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na akichelewa kidogo mama anatoka kusimama barabarani na kusingizia kwamba anatafuta kuku.

Mume wangu anapiga simu kutoka Kihagara, kule ziwani, kuuliza narudi lini. Namwambia mama hajakaa sawa. Mama amekaa sawa, ni mimi. Kushuka ziwani lazima nipite kwenye kile kizuizi cha polisi, na pale anasimama yule askari aliyekupiga. Nilishuka mara moja tu kuwaona watoto. Gari liliposimama akainama dirishani, akanitambua, akatabasamu. "Pita salama, dada yangu. Sisi sasa ni ndugu." Abiria wote wakanigeukia. Na mimi, kaka, niliitikia. Nilisema asante! Tangu siku hiyo mdomo wangu wenyewe nauchukia.

Ngoja nikueleze alivyopata kuwa ndugu yetu.

Unakumbuka bibi alivyotusimulia habari za sengu. Wanaume wa ukoo wanakusanyika kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chakula, wanakula pamoja na kusemezana yaliyowakera, na neno likishaliwa na ugali limekwisha, halitoki tena nje. Sisi tuliona ni mambo ya kale. Wewe ulisema sengu yako ni kijiwe cha bodaboda. Basi baada ya arobaini yako Baba Mkubwa Egno akatangaza kwamba ukoo utakaa sengu ili tuuage msiba vizuri. Nilifurahi, kaka. Nikasema angalau wamekukumbuka kwa heshima. Nikausonga ugali mwenyewe, nikapika na usipa niliotumiwa kutoka Kihagara, wa nyanya nyingi kama unavyoupenda. Nikabeba, nikapiga magoti kuweka chakula, nikainua macho. Yule mtu alikuwa ameketi mkekani katikati ya Baba Mkubwa na Ditram, amevaa shati la kiraia, ananawa mikono.

Sikupiga kelele. Baba Mkubwa akasema mgeni amekuja kuomba radhi, kwamba hakukusudia, kwamba kazi ina majaribu yake na sisi ni Wakristo. Kisha akamega. Wakamega wote. Ditram alimega akiwa ameinamisha kichwa. Mama akapelekewa sahani jikoni, naye akala. Niliposema mimi sijala, shangazi mmoja akanicheka kwa huruma: "Mwanangu, uliyepika umekula. Chumvi uliionja na nani?"

Hatukujua, au mimi sikujua, kwamba maofisa walikuwa wanakuja kutoka mkoani kuuliza ulikufaje. Yule mtu alijua. Walipofika, walizunguka nyumba hadi nyumba na kila mlango ukawapa jibu moja: jambo hilo limekwisha, tumeshakula. Mmoja wao akauliza, mmekula nini?

Nani aliwaita? Utashangaa. Yule askari wa kike, yule binti mwembamba aliyekuwa zamu kituoni siku nilipokuletea uji. Ndiye aliyenifungulia nikakuona. Nami niliiona miguu yako, kaka. Viatu vyako vilikuwa pembeni kwa sababu haviingii. Ukaniambia kwa jina aliyekufanya vile, ukasema, "Wananiuliza magunia ya kahawa ambayo sijawahi kuyabeba." Halafu ukasema, "Usimwambie mama." Mimi na yule binti tu ndio tuliosikia. Walikutoa keshokutwa yake, ukafia hospitalini, na wao wakasema ulianguka.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kituoni ulikwenda mwenyewe. Walikupigia simu tu kwamba pikipiki inayofanana na yako ilionekana karibu na ghala la kahawa lililoibiwa. Ukaoga, ukavaa shati la misa. Mama akakwambia, pita kwanza kwa paroko mwende wote. Ukamcheka. "Asiye na kosa haogopi kituo." Si uliwajua? Si wewe uliyewabeba mpaka Liparamba gari lao lilipokosa mafuta, kumkamata yule aliyemkata mkewe panga, ukarudi na vumbi mpaka kwenye kope, ukijisifu utadhani umeongezwa cheo? "Polisi nao ni watoto wa watu," ulikuwa ukisema. Sokoni walikuita afande wa bodaboda.

Sokoni sasa ndiko usiende. Wanawake wananipa pole huku wananifunda. Kesi ya ngedere unampelekea nyani? Ukiona polisi, badili njia. Na hao hao, mbuzi wa jirani walipoibwa, walikwenda wapi? Kituoni, tena mbio. Nikacheka peke yangu mpaka wakadhani nimechanganyikiwa.

Juzi yule binti alinifuata kwenye meza yangu ya usipa. Alikuwa na kitenge, hana sare. Alinunua mafungu ambayo nadhani hakuyahitaji. Akasema wenzake hawamsalimii tena, wanamwita msaliti. Akasema, "Dada, mimi nimesema nilichokiona. Wewe usiposema, nimesema uongo." Akaondoka akiwa amesahau samaki wake. Maofisa wanarudi Jumatatu kwa mara ya mwisho.

Nikamwambia Baba Mkubwa. Si mtu mbaya, kaka, usimkasirikie sana. "Osmund hatarudi," akasema. "Ditram anapita pale kila siku. Unataka tuchimbe kaburi la pili?" Ningeweza kumjibu kama angekuwa mwongo. Lakini nami nikisikia pikipiki inapanda kilima huwa nahesabu pumzi mpaka iingie uani. Nikisema, Ditram atapita mbele ya yule mtu. Nisiposema, yule binti ataliwa peke yake, na wewe utabaki mtu aliyeanguka. Usingizi umenikimbia. Nikisonga ugali mkono unakataa, naona ule wa sengu.

Jana nimeongea na Ditram. Nilitegemea atanikataza. Alikuwa anafuta tenki la pikipiki yako, akafuta sehemu moja muda mrefu. "Ule ugali haujanishuka mpaka leo, dada," akasema. Sijui kama amenipa ruhusa au amelia tu.

Basi sikiliza. Jumatatu asubuhi nitasonga ugali mwingine. Nitaupeleka kwa Baba Mkubwa, nitauweka palepale mkekani, na nitamwambia narudisha ule wa kwanza. Sijui kama mila inaruhusu, sijasikia aliyewahi kufanya hivyo, tena mwanamke. Anaweza kunifukuza nisikanyage tena pale, na siku yangu ikifika nizikwe kule ziwani, mbali na wewe. Hilo limeniliza kuliko yote. Nilishajichagulia pembeni yako, chini ya ile migomba.

Kisha nitakwenda kwa wale maofisa na kusema miguu yako ilivyokuwa, na jina ulilonitajia. Viatu vyako walituletea, viko chini ya kitanda cha mama. Nitakwenda navyo, wajaribu wao kunieleza mtu anaangukaje mpaka viatu vinamkataa.

Ulisema asiye na kosa haogopi kituo. Mimi sina kosa, Osmund, na naogopa. Nitakwenda hivyohivyo, nikiogopa. Nakuahidi.

Pumzika, kaka yangu. Na unisamehe, mama itabidi nimwambie.

Mdogo wako,
Winfrida