Kanzu Niliyompelekea Baba

Bujumbura, Machi 1969

Mdogo wangu Mwamvita,

Salaam. Mimi mzima, ila mvua za huku hazikatiki.

Jirani yenu Mabruki amepita hapa. Kanisimulia kama mzaha kwamba baba huenda msikitini ameshikilia kanzu niliyoshonesha huku nikampelekea, isiburuzike chini. Ukitaka kuipunguza anakataa, eti, "Mwanangu anajua urefu wangu." Na yeye ni fundi cherehani tangu ujana!

Nilicheka na Mabruki, kisha nikajifungia chumbani. Sikujua mgongo wa baba umepinda hivyo. Mbembeleze akubali ipunguzwe. Nauli ya kuja ninayo, uso ndio sina baada ya miaka yote hii.

Ila usimwambie, mdogo wangu, kwamba fundi wa huku aliponiuliza urefu wa baba, nilisimama nikapimwa mimi.

Kaka yako,
Shomari